Duka dogo la mtandaoni kwa fundi na msanii wa Mwanza: kuanzia bei hadi risiti ya basi

Anayesuka vikapu vya magugu maji Igombe, anayechora Jiwe la Bismarck kwenye turubai, anayeshona mikoba ya kitenge Igoma na anayeandika hadithi za watoto Nyegezi wote wanauza kwa njia zilezile tatu. Wapo wanaopeleka kazi kwenye duka la zawadi na kusubiri mwisho wa mwezi. Wapo wanaompa winga, yaani dalali, naye anaweka chake juu, na mteja hamjui kamwe aliyeitengeneza. Na wapo wanaouza wenyewe kwa simu: mteja yuko Kahama, Dodoma au Dar, hela inaingia kwenye laini yao, mzigo unaondoka na basi la alfajiri. Mwongozo huu ni wa hao wa tatu.

Tuseme mapema kwamba maduka ya aina hii hayafi kwa kukosa tovuti nzuri. Yanafia kwenye hesabu ya bei, kwenye uhakiki wa malipo na kwenye mzigo uliofika umebonyea. Sehemu hizo tumezirefusha makusudi.

Bidhaa chache, kila moja na namba yake

Anza na bidhaa nane hadi kumi na mbili. Zaidi ya hapo picha zinakushinda na unapoteza hesabu ya kilichokwisha. Kila bidhaa ipe namba fupi, kwa mfano KP-03 kwa kikapu na MK-11 kwa mkoba, halafu andika kwenye daftari au jedwali la Google vipimo vyake kwa sentimita, uzito kwa gramu, ilivyotengenezwa kwa nini, siku unazohitaji kutengeneza nyingine, na idadi iliyopo nyumbani. Mizani ya jikoni ya kilo tano inatosha. Uzito utakuja kuuhitaji kwenye gharama ya kutuma, kwa hiyo usiukisie kwa mkono.

Kilichopo na kinachotengenezwa kwa oda visichanganywe. Picha ya kikapu kilichokwisha uzwa ikiendelea kuning'inia mtandaoni bila neno, siku moja watu wawili watalipia kitu kimoja, na mmoja wao atakutangaza kuwa tapeli. Kwa kazi ya pekee kama mchoro, andika "ipo moja tu", na ikiuzwa iondoe saa hiyohiyo, usisubiri jioni. Kwa kazi ya oda, hesabu siku unazohitaji kweli, kisha ongeza tatu. Hakuna mteja anayelalamika mzigo ukiwahi.

Wanaosuka magugu maji wana jambo lao la ziada. Shina linaonekana kavu kwa nje huku ndani likiwa bado na maji, na kikapu kama hicho kikifungwa kwenye nailoni siku mbili za safari kinafika na ukungu na harufu. Kipimo chake ni rahisi: pima kikapu leo, kiache sehemu yenye hewa, pima tena baada ya siku mbili. Uzito ukiwa umepungua hata gramu kumi na tano, bado kinakauka; usikitume. Wakati wa vuli na masika ongeza siku za kuanika, na usianike karibu na moshi wa kuni maana harufu haitoki tena.

Bei inayokulipa na wewe

Kosa kubwa ni kuhesabu vifaa tu na kuiita tofauti "faida". Tuchukue kikapu kimoja chenye mpini wa ngozi, kwa hesabu ya mfano. Magugu 3,000, mpini 6,000, bitana na uzi 2,500: vifaa ni shilingi 11,500. Kazi ni saa tano, na ukijilipa 2,500 kwa saa inakuja 12,500. Boksi, nailoni na lebo 1,500. Bando, picha na bodaboda ya kupeleka mizigo kituoni, ukigawa kwa mizigo mitatu unayopeleka kwa safari moja, weka 1,500. Jumla 27,000. Hapo ndipo gharama yako ilipo, na bado hujapata faida ya biashara, yaani hela ya kununulia magugu ya mwezi ujao na cherehani ikiharibika.

Ongeza asilimia 25 na unafika 33,750. Makato ya malipo yakiwa, tuseme, asilimia 3, usizidishe kwa 1.03; gawa kwa 0.97, kwa sababu makato yanakatwa kwenye bei nzima anayolipa mteja. Inakuja 34,794. Uza 35,000.

Sasa linganisha na duka la zawadi linalokata asilimia 30. Kwa bei hiyohiyo ya 35,000 utarudishiwa 24,500. Huko hufungi boksi wala huendi kituoni, kwa hiyo gharama yako ni 24,000. Umejilipa ujira wako, ila duka lako limebaki na shilingi 500. Hiyo ndiyo hesabu inayoonyesha kwa nini kuuza moja kwa moja kuna maana, na pia kwa nini kuna kazi: zile 10,500 dukani wanakula kwa kazi ambayo sasa utaifanya wewe, ya kujibu, kupiga picha, kufunga na kutuma. Ukiendelea kuuza kote kuwili, bei iwe moja. Ukiuza 28,000 mtandaoni kitu ambacho kiko dukani kwa 35,000, mwenye duka atakurudishia mzigo wako wote, na atakuwa na haki.

Na bei iandike. Ile "bei njoo inbox" inachosha wateja na inakuchosha wewe. Anayeona bei na kuendelea kuuliza ni mnunuzi. Anayeulizia bei tu atakumalizia bando. Andika pia bei ni ya wapi: "35,000, kutuma ni juu ya mteja" au "35,000 pamoja na kufikishiwa ndani ya jiji".

Picha kwa simu uliyonayo

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kabla ya kila kipindi. Simu inayokaa mfukoni huwa na mafuta ya vidole, na ukungu unaouona kwenye picha mara nyingi ni huo. Weka bidhaa mita moja kutoka dirishani au mlangoni, mwanga ukitokea ubavuni, saa tatu hadi tano asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Jua la saa saba kwenye miamba yetu linaunguza rangi na kuweka vivuli vikali. Upande wa pili wa bidhaa simamisha karatasi nyeupe ya manila. Inarudisha mwanga na kupunguza kivuli. Zima taa ya ndani. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu, kitenge chekundu kitaonekana cha machungwa, na mteja atakuambia umemtumia rangi nyingine.

Picha tano kwa kila bidhaa zinatosha: mbele nzima, nyuma au ndani, mshono au msuko kwa karibu, bidhaa ikiwa mikononi au begani mwa mtu ili ukubwa uonekane, na moja yenye rula au futi kando yake. Hiyo ya mwisho haina uzuri wowote na ndiyo inayopunguza ugomvi kuliko zote. Kwa katalogi kata picha ziwe mraba, pikseli 1080 kwa 1080. Kwenye tovuti zipunguze ziwe chini ya KB 200 kila moja. Wateja wengi wanafungua kwa bando la siku, na ukurasa wenye picha tano za MB 4 hawausubiri.

Usichukue picha za watu wengine mtandaoni "kwa muda tu". Mbali na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mteja akiitafuta picha hiyohiyo kwenye Google na kuikuta duka la nchi nyingine, umeshamkosa.

Duka la kwanza ni WhatsApp Business

Kwa anayeanza hatushauri tovuti. Programu ya WhatsApp Business ni ya bure na ina katalogi inayobeba hadi bidhaa 500, kila moja na picha, bei, maelezo na kiungo chake cha kutuma. Weka laini ya pekee ya duka, iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu ikipotea, hautaweza kuirudisha bila yeye, na wateja wote wamekwenda nayo.

Ukishafungua, kabla ya kupakia picha hata moja, ingia kwenye mipangilio ya akaunti na uweke uthibitisho wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita. Tofauti na hiyo, kuna namba ya tarakimu sita ambayo WhatsApp inatuma kwa SMS wakati wa kusajili. Hiyo usimtajie mtu yeyote, hata aseme anatoka wapi. Wizi mwingi wa akaunti za maduka unapita hapo.

Kisha andika majibu ya haraka. Programu inakuruhusu kuhifadhi hadi hamsini, na unayaita kwa kuandika alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Yanayohitajika kweli ni manne au matano: vipimo, kutuma, malipo, oda maalumu, kurudisha. La malipo liwe hivi, ujaze namba tu:

"Asante. Oda Na. 0147: kikapu KP-03, 35,000. Kutuma Dodoma 6,000. Jumla 41,000. Lipa kwa Lipa Namba hii, litatokea jina la duka letu. Ukishalipa niandikie jina lililolipa. Nimekushikia kikapu hadi leo saa 12 jioni."

Ule mstari wa mwisho usiuache. Bila muda, "nakuja kulipa" hudumu wiki, na wewe umekataa wanunuzi wengine wawili. Lakini usimfanye mteja aone anaongea na mashine: akianza na salamu, jibu salamu kwanza, na kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake. Jibu la haraka lifuate baadaye.

Tumia lebo kufuatilia oda: mpya, imelipwa, imefungwa, imetumwa, imepokelewa. Kila jioni pitia zilizo kwenye "imelipwa" na ambazo hazijahamia "imefungwa". Kuhusu matangazo, orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inachukua watu 256, na inawafikia tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Kwa hiyo unapomkabidhi mteja mzigo, mwombe aihifadhi namba. Instagram, TikTok na Facebook ziwe milango ya kumleta mtu hapa. Usijenge duka lote ndani ya kurasa ambazo zinaweza kufungwa asubuhi moja. Nakili orodha ya wateja na oda nje ya simu mara moja kwa wiki.

Malipo: angalia salio, si ujumbe

Omba Lipa Namba kwenye duka la mtandao wako wa simu. Ubora wake ni kwamba mteja anaona jina la biashara kabla ya kuweka PIN, na mauzo hayachanganyiki na hela ya nyumbani. Jina linalotokea pale lilingane na la Instagram. Mteja wa Dar akiona jina la mtu asiyemjua anaacha hapohapo. Kwa anayelipa mara ya kwanza, mwandikie njia: M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, kisha sehemu ya kulipa, Lipa kwa Simu, na mtandao wa namba yako kama ni tofauti na wake. Anayelipa kutoka mtandao mwingine anaweza kukosea hatua hiyo ya mwisho na kukuambia namba haifanyi kazi.

Sasa utapeli. Uko wa aina tatu unaojirudia. Wa kwanza ni ujumbe wa "Umepokea" uliotungwa na mtu na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Unafanana na wa kweli hadi kwenye nukta, ila juu kabisa mtumaji ni namba ya simu badala ya jina la huduma, na salio lililoandikwa halilingani na lako. Wa pili ni skrinshoti ya muamala iliyohaririwa. Wa tatu ni mbaya zaidi: hela inaingia kweli, halafu mtu anapiga akilia kwamba kakosea namba, umrudishie haraka kwa namba nyingine. Ukimrudishia, mwenye hela halisi naye anaweza kuomba mtandao uirudishe, na umelipa mara mbili. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, na wewe uache hela ikae.

Dawa ya yote ni moja. Kabla ya kufunga mzigo fungua menyu mwenyewe, angalia salio na orodha ya miamala, linganisha kiasi, muda na jina, kisha andika kumbukumbu ya muamala kando ya namba ya oda. Anayekuharakisha kwamba "boda yuko nje" ndiye wa kuhakikiwa mara mbili.

Lipia ukipokea tunaishauri kwa Nyamagana na Ilemela tu, ambako bodaboda anarudi siku hiyohiyo, na kwa mteja aliyelipa nauli ya boda kwanza. Akikataa mzigo, hasara yako ni muda. Kwa mikoani, malipo yote kabla ya kutuma. Mteja mgeni akisita, mpigie simu ya video umwonyeshe kikapu chenyewe kikiwa na karatasi ya jina lake juu. Kwa oda maalumu chukua kianzio cha asilimia 60, na uandike wazi kwamba ukishakata kitambaa au kuanza kuchora kianzio hakirudi. Mkoba wenye jina la mtu hauna mnunuzi mwingine.

Kufunga na kutuma

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, kwa hiyo cha nje kiwe boksi, mfuko wa kaki au mfuko mbadala. Nailoni ya ndani ya kuzuia maji haikwepeki. Mzigo unaweza kuachwa juu ya mizigo mingine kwenye mvua ya Shinyanga na hakuna wa kuusogeza. Maboksi ya biskuti na sabuni yanapatikana kwa bei ndogo kwa wenye maduka kuzunguka Soko Kuu na Makoroboi. Chagua lililo kavu, lisilo na harufu ya sabuni, lenye kuta mbili kwa vitu vya kuvunjika.

Kikapu kijazwe ndani kwa karatasi zilizokunjwakunjwa ili kisibonyee, kikifungwa ndani ya boksi lililobaki na nafasi ya vidole viwili kila upande, nayo ijazwe. Tikisa boksi karibu na sikio. Kikisogea, fungua ujaze tena. Mchoro kwenye turubai uvue kwenye fremu, uviringishe rangi ikiwa upande wa nje ili isipasuke, uweke karatasi laini juu na uingize kwenye bomba gumu la plastiki au la karatasi lenye upana usiopungua sentimita 8. Rangi ya mafuta isiyokauka sawasawa usiiviringishe kabisa. Sandali na vitu vya shanga vifungwe kila kimoja peke yake. Shanga zikisuguana safari nzima zinakata uzi.

Juu ya boksi andika kwa maka peni isiyofutika: jina la mpokeaji, simu zake mbili, mji na ofisi ya kushukia, kisha jina na simu yako. Andika pande mbili za boksi. Ndani weka karatasi yenye maelezo hayohayo, kwa ajili ya siku lebo ya nje itakapong'oka. Soltepu ya kahawia, mistari mitatu chini na miwili juu. Piga picha ya boksi lililofungwa.

Mabasi ya mikoani yanayoondokea Nyegezi na Nyamhongolo yanachukua vifurushi, na kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam hiyo ndiyo njia ya haraka isiyo ghali. Uliza kampuni saa ya mwisho ya kupokea mzigo wa basi la alfajiri. Ukifika wakati abiria wanapanda, utaambiwa kesho. Kwenye ofisi za mabasi bei mara nyingi inakadiriwa kwa macho kulingana na ukubwa, hivyo boksi kubwa lisilo na sababu unalilipia. Dai risiti yenye namba ya mzigo, ipige picha na uitume kwa mteja papo hapo pamoja na siku ya kufika na simu ya ofisi ya huko. Bila risiti hakuna wa kumdai. Thamani ya mzigo itaje ukweli. Risiti nyingi nyuma zimeandika kikomo cha fidia, isome kabla hujatuma mchoro wa laki tano kama kifurushi cha kawaida. Kwa vitu hivyo EMS ya Posta, yenye namba ya kufuatilia, inafaa zaidi hata kama inachukua siku nyingi.

Kwa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Mzigo hausubiri tena kivuko. Ukerewe na Bukoba kwa meli, funga nailoni mbili.

Nje ya nchi kuna mtego unaowakuta wasukaji. Kampuni za usafirishaji wa ndege hutoza uzito halisi au uzito wa ujazo, wowote ulio mkubwa, na kanuni yao ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 35 kwa 30 linatoa 8.4. Kikapu chako cha gramu 900 kimelipiwa kama kilo nane na nusu, na nauli imeizidi bei yake mara kadhaa. Namna ya kutoka ni kusuka vikapu vya saizi tatu vinavyoingiana na kuviuza kama seti, au kwa wateja wa nje kuweka vitu bapa tu: mazulia madogo, michoro, vitambaa, shanga. Uliza pia masharti ya nchi anakokwenda. Baadhi huzuia vitu vya mimea au ngozi bila vyeti, na chochote chenye sehemu ya mnyamapori usikitume.

Kinapoharibika njiani

Weka sharti moja fupi na ulitaje kabla ya malipo: mteja apige video akifungua boksi, na alete lalamiko ndani ya saa 48. Kosa likiwa la kwako (rangi si ile, mshono umefumuka, umetuma namba nyingine) lipa nauli ya kurudi na utume kingine au urudishe hela yote siku hiyo. Likiwa la usafirishaji, picha yako ya boksi na risiti ndizo za kwenda nazo ofisini, wala usimwache mteja agombane nao peke yake. Yeye alinunua kwako. Akiwa amebadili mawazo tu, kubali kubadilisha kwa nauli yake, isipokuwa oda maalumu. Katika bei yako ile, kikapu kimoja kilichoharibika kinahitaji faida ya vinne hivi kukifidia, kwa hiyo dakika kumi za kufunga vizuri ni za bei nafuu.

Wanaouza faili: vitabu, muziki, michoro

Hapa hakuna basi, ila kuna kufowadi. PDF ikishaingia kundi moja la WhatsApp imekwenda. Huwezi kuizuia kabisa. Unaweza kumfanya mtu aone haya. Chapisha jina na tarakimu nne za mwisho za simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia, kazi ya dakika mbili. Toa sura mbili za kwanza bure, ziwe na namba ya duka ukurasa wa mwisho, hizo zifowadiwe wanavyotaka. Ukitumia Google Drive, ile ruhusa ya "yeyote mwenye kiungo" ni sawa na kubandika kitabu mlangoni. Ruhusu barua pepe ya mnunuzi peke yake. Faili iwe chini ya MB 20.

Majukwaa ya nje ya kuuzia faili yanavutia, ila soma kwanza jinsi yanavyolipa kabla ya kupakia chochote. Payhip, kwa mfano, hupitisha hela kwenye PayPal au Stripe ya muuzaji; Gumroad hukata asilimia 10 na senti 50 za dola kwa kila mauzo ya kiungo chako. Kwenye kitabu cha dola 2, hizo ni senti 70. Wasomaji wako wakiwa Tanzania, Lipa Namba inakuachia zaidi.

Tovuti, ukifika wakati wake

Wakati wake ni pale unapojibu maswali yaleyale hadi usiku au wateja wa nje wanapotaka kulipa kwa kadi. WooCommerce, programu ya kujengea duka ndani ya tovuti, ni ya bure yenyewe, lakini utalipia jina la tovuti la .co.tz, nafasi ya kuhifadhia na mtu wa kusasisha. Tovuti isiyosasishwa huvamiwa. Shopify inakupunguzia kazi hiyo kwa ada ya kila mwezi ya dola, uuze usiuze. Kwa malipo ya ndani na kadi kwa pamoja, ulizia kampuni zinazofanya kazi hapa kama Selcom, Pesapal, ClickPesa au AzamPay: makato ni kiasi gani, hela inafika benki baada ya siku ngapi, na muamala uliorudishwa unakatwaje. Pata majibu kwa maandishi.

Kwenye tovuti na hata kwenye wasifu wa WhatsApp weka jina la biashara, mahali ulipo, simu, na bei kamili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe hivyo.

Makaratasi

Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mfumo wao wa mtandaoni, ukiwa na namba ya NIDA. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA bila malipo. Leseni ni ya halmashauri yako, Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela. Anayeuza sabuni, mafuta ya kupaka au chakula apite TBS, shirika la viwango, kwanza, na SIDO Mwanza, shirika la viwanda vidogo, wanaweza kumwelekeza. Majina, simu na anwani za wateja unazokusanya ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usimpe mwenye duka jingine orodha yako, na usibandike skrinshoti ya mteja yenye namba yake ili kujisifu.

Daftari la mauzo lina faida ya hela taslimu. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo binafsi, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, asiye nazo analipa 100,000. Ukiuza milioni 5 na nusu, mwenye daftari atalipa 45,000. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000. Mwenye nazo ni 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Thibitisha viwango vya mwaka huu kwenye ofisi ya TRA kabla ya Machi 31, siku ya mwisho ya kuwasilisha makadirio na ya awamu ya kwanza kati ya nne. Nyingine ni Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31.